Kumtetea Agnes

Townsville,
12 Juni 1988

Mpendwa Shangazi Dorcas,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanionea. Bwenini wametupa wasichana wa visiwani mablanketi mawili mawili na bado asubuhi tunajibanza kama vifaranga. Chakula ni kondoo. Jana kondoo, leo kondoo, siku nikija nyumbani nikalia mee msishangae. Nikikumbuka nguva anavyompika mama, na viazi vya tui pembeni, sahani yangu naisukuma.

Shangazi, nina shida na ni wewe tu wa kunisaidia. Mwalimu Hallam ametupa insha inayobeba nusu ya alama za mwaka. Nikiiharibu hii, chuo cha ualimu ndiyo basi tena, na unajua mama alivyotangaza kanisani, kisiwa kizima cha Masig kikasikia. Swali lenyewe ni hili: “Jadili dhamira ya upendo wa mama katika riwaya ya Uzio wa Kusini. Toa ushahidi kitabuni.”

Kitabu kipo hapo shuleni kwenu Waiben, nilikiona kwenye rafu zako, lakini nikufupishie. Agnes ni mke wa kibarua kwenye mashamba ya ngano. Anajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akiwa na siku nane anampeleka kwa akina Harland, wenye shamba, ambao hawajajaliwa. Anarudi kwake ng'ambo ya uzio na anaishi hapo miaka ishirini, mtoto anakua mbele ya macho yake, naye hasemi neno. Sura ya tisa anapeleka mayai kwa akina Harland. Mtoto ndiye anayefungua mlango. Agnes anahesabu mayai, anaondoka, hata usoni hamtazami. Mwishoni kijana anakwenda vitani, watu wote wako stesheni kumuaga, Agnes yuko kwake anafua.

Mwalimu alisema hakuna mama anayempenda mwanawe akamgawa kama mkate uliobaki. Darasa zima likaitikia. Nilitaka kusema kwetu ndugu humpa ndugu mtoto na hakuna anayeshangaa, wala hakuna anayeuliza nani wa nani. Ila nilijua watanigeukia wote kunikodolea, kama siku ile niliposema tunakula kasa. Nikainama nikajifanya naandika.

Unaonaje, shangazi, Agnes alimpenda yule mtoto au hakumpenda? Na hawa wa kwetu wanaotoa, huwa wanaumia? Mama nikimuuliza mambo haya ananituma nikaanue nguo.

Nisalimie Bibi Nazareth wa jirani.

Wako,
Kezia


Waiben,
24 Juni 1988

Kezia mpenzi,

Marahaba. Nimecheka peke yangu ofisini kwa habari ya kondoo mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Kula hivyo hivyo, umekonda vya kutosha.

Kitabu nilikichukua Ijumaa nikakimaliza Jumapili. Kanisani sikwenda, na mama yako asijue.

Kwanza tuiweke insha sawa. Usimhadithie mwalimu kisa, anakijua kuliko wewe. Dhamira ni lile jambo ambalo mwandishi analichokonoa tangu mwanzo hadi mwisho. Chagua msimamo mmoja ukae juu yake. Kila aya iwe na hoja moja, kila hoja iwe na maneno ya kitabu yaliyoishikilia, na ukinukuu usiache nukuu ikielea, ieleze. Na mwandiko wako, tafadhali.

Kuhusu wa kwetu wanaotoa, sijui. Sijawahi kumuuliza mtu.

Lakini kuhusu Agnes, mwalimu wako amekosea, na usiogope kumwambia. Rudi sura ya pili. Anampeleka mtoto kwa miguu, maili nne, na kitabu kinasema alipita njia ndefu ya kisimani wakati ya mkato ipo. Kwa nini apite njia ndefu? Mtu anayetupa kitu hapiti njia ndefu. Alitaka kukaa naye kidogo zaidi. Ukurasa wa thelathini na moja, alipofika mlangoni alimfunga mtoto upya, na alikuwa ameshamfunga vizuri.

Sura ya tisa mnaisoma vibaya nyote. Hamtazami kwa sababu akimtazama mara moja hataweza kuondoka mlangoni pale. Anahesabu mayai ili mdomo wake uwe na kazi ya kufanya. Yai la kumi na mbili anarudi kulihesabu tena. Umeliona hilo? Mwandishi hakuliweka bure. Na stesheni hakwenda kwa sababu mama Harland alikuwepo pale akilia, na haiwezekani wanawake wawili wamlilie kijana mmoja mbele ya watu bila watu kuanza kuuliza. Alimwachia mwenzake kilio. Kezia, alimwachia hata kilio.

Mwandishi hasemi Agnes alimpenda. Hasemi kwa sababu Agnes mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kusema. Ndiyo dhamira hiyo, upendo uliokatazwa kujitaja. Ukiandika hivyo utakuwa umeandika ukweli.

Naona karatasi ya tatu inaisha na mimi bado naongea. Samahani kwa hayo madoa, chai ilimwagika.

Shangazi yako,
Dorcas


Townsville,
9 Julai 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka, maana umemtetea Agnes kama mliolewa nyumba moja. Rafiki yangu Tirisa ameniuliza kama shangazi yangu ni wakili.

Mara ya nne sikucheka.

Nikuandikie tu, uso kwa uso nisingeweza. Mwaka jana kwenye sikukuu ya Ujio wa Nuru, wakati tunacheza ngoma, mama mmoja wa kisiwa cha Erub alinishika mkono akaniambia, “Wewe unatembea Dorcas mtupu.” Mama akaingilia kati, akanivuta tukagawe chakula, na sahani zilikuwa zimeshagawiwa. Nililisahau jambo hilo. Nimelikumbuka niliposoma barua yako, kwa sababu chai haimwagiki juu ya jina la Agnes kila linapoandikwa. Nimehesabu, ni mara tatu.

Tena nimewaza, shangazi. Binamu zangu wote unawaita “mwanangu”. Hata Tirisa alipokuja likizo ulimwita mwanangu. Mimi unaniita Kezia.

Kwa hiyo nakuuliza. Kuna kitu? Najua kwetu haulizwi. Lakini baba amefariki, siwezi kumuuliza, na mama nikimuuliza nitamuumiza bure kama nimekosea. Ukiniambia hapana, nitaamini na sitarudia. Ukiniambia ndiyo, sijui. Tarehe 24 Septemba tunafungua jiwe la kaburi la baba na nitasimama karibu na mama mbele ya watu wote. Nataka nijue nasimama pale kama nani.

Insha nimeisimamisha. Inatakiwa tarehe 19 Agosti. Siwezi kuandika kuhusu upendo wa Agnes mpaka unijibu.

Kezia


Waiben,
18 Julai 1988

Wifi Mareta,

Habari za Masig, na mgongo wako? Unga na vitambaa vya kufunikia jiwe nimepakia kwenye meli ya Jumanne, mwambie mdogo wako Ezra avipokee kabla ya mvua.

Wifi, Kezia ameuliza. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Aliniomba nimsaidie insha ya kitabu, na kitabu chenyewe kinahusu mwanamke aliyempa mwenzake mtoto. Nilidhani naandika habari za kitabu. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimejaza karatasi tatu, na mtoto ana akili, amenisoma kama ramani.

Miaka kumi na saba sijafungua mdomo. Unajua Efraim hakuniomba hata kwa maneno. Alikuja akakaa kizingitini kwangu siku tatu mfululizo anashona wavu ambao haukuchanika. Siku ya tatu nikamwambia, “Kaka, inuka, mtoto ni wenu.” Nyinyi mlikuwa mmezika watatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikaona nitazaa wengine. Sikujua nimempa wa kwanza na wa mwisho. Sijakudai hata siku moja, na sikudai leo.

Lakini ameniuliza yeye, wifi, kwa mkono wake. Sikumchokoza. Niruhusu nimjibu ndiyo. Sitaki aje kuishi na mimi, wala asiache kukuita mama. Nataka tu ajue kwamba sikumtupa. Mwalimu wao anawafundisha kwamba anayetoa hakupenda, na yeye amekaa pale anaandika kwenye daftari. Hilo nimeshindwa kulimeza.

Nijibu upesi. Insha yake inangoja.

Wifi yako,
Dorcas


Masig,
27 Julai 1988

Wifi Dorcas,

Mgongo ule ule. Unga umefika, gunia moja limelowa, Ezra kama kawaida yake alikuwa anavua.

Kitabu chenu sijakisoma na sitakisoma. Nilimwambia Efraim, huyu dada yako na vitabu vyake ipo siku vitatutoa roho.

Sitakukataza. Nimekaa na barua yako siku mbili nikitafuta namna ya kukukataza nikakosa. Wewe ndiye uliyebeba, wewe ndiye uliyelia usiku ule pale hospitali, na mimi ndiye niliyekushika mkono. Nilimpokea kitovu hakijakauka. Ukiamua kumwambia, mwambie. Sitakulaumu mbele ya watu wala nyuma yao.

Ila nikueleze hali ilivyo huku. Jiwe limeshafika kutoka Cairns, limefunikwa, liko nyumbani. Wakivua vitambaa ataona jina la Efraim, na chini yake nimemwambia fundi achonge “Baba wa Kezia”. Sikuwa na kingine cha kuandika. Hatukufanya kingine duniani, Dorcas, mimi na kaka yako, zaidi ya huyo. Mtu akifa huandikiwa alichokuwa nacho. Sasa akishajua, atayasoma maneno hayo kwa macho gani? Na mimi pembeni yake nitaweka wapi uso wangu?

Anaweza kusema si kitu. Ana moyo mzuri. Lakini atakuwa ananihurumia, nitaona, nami siwezi kuishi na kuhurumiwa na mtoto niliyemlea. Nyumba hii ina mimi na redio. Jioni nawasha taa mbili ili ionekane tuko wengi.

Sijawahi kukuomba kitu. Hata yeye aliombwa na Efraim, si mimi, mimi niliona aibu. Leo naomba. Naomba mara moja hii, halafu fanya utakavyoona.

Wifi yako,
Mareta


Waiben,
5 Agosti 1988

Kezia,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na ukaguzi shuleni.

Nianze na swali lako. Jibu ni hapana. Ulizaliwa hapa Waiben, hospitali, alfajiri yenye upepo mkali, na mama yako ni Mareta. Nilikuwemo chumbani, tulishikana mikono mpaka pete yake ikaniachia alama. Unatembea kama mimi kwa sababu mimi na baba yako tulichukua miguu ya babu yako, na yule mama wa Erub anapenda maneno. Madoa ni chai, nina meza mbovu. Sikuiti mwanangu kwa sababu jina lako nililichagua mimi, basi napenda kulitaja. Usimuulize mama yako, utamsononesha bure, ana msiba wa kutosha.

Sasa insha. Nimekisoma kitabu tena, na ni vizuri hukuandika nilivyokuambia, maana nilikosea. Nilisoma kwa haraka, kwa moyo laini, nikamwonea mwanamke huruma kabla sijapima ushahidi. Ndilo kosa ninalowakataza watoto kila siku. Mwalimu Hallam yuko sahihi. Nakupa hoja, zipange hivi.

Ya kwanza, njia ya kisimani. Nilisema alitaka kukaa naye. Lakini soma mstari unaofuata: njia ya mkato inapita mbele ya nyumba za vibarua. Alipita njia ndefu ili asionekane. Aliogopa watu, na anayeogopa watu wakati ule hamfikirii mtoto, anajifikiria mwenyewe.

Ya pili, mayai. Mtoto amesimama mbele yake. Hakuna aliyemkataza kumtazama. Kutazama hakuvunji ahadi ya mtu yeyote. Angeweza kumwambia hata “umekua”. Hakusema. Usikubali mtu akuambie ni uchungu. Mtu anaweza kunyamaza kwa uchungu siku moja, au mwaka. Miaka ishirini si uchungu tena, ni mazoea, na aliyezoea haumii.

Ya tatu, stesheni. Kijana anakwenda kufa na mama yake anasugua kola za mashati. Andika hilo bila kulipamba. Mwalimu akikuuliza mbona alirudia kuhesabu yai la kumi na mbili, sema mwandishi anatuonyesha kwamba mayai aliyahesabu kwa makini kuliko mtoto.

Hitimisho lako liwe kali, usilegeze. Unaweza kusema hivi: Agnes hakuwapa akina Harland mtoto, alijipa mwenyewe nafasi. Mwanamke anayeweza kuishi ng'ambo ya uzio na mwanawe bila kuuvuka hata mara moja, uzio huo ameujenga yeye. Kupenda ni kusema, na ambaye hakusema hakupenda.

Yageuze yawe maneno yako. Na usichelewe, tarehe 19 iko karibu.

Shangazi yako,
Dorcas


Townsville,
2 Septemba 1988

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo shangazi wangu wa pekee. Kaa kwenye kiti kwanza. Kumi na tisa kati ya ishirini. Mwalimu Hallam hajawahi kumpa mtu. Alama moja ameikata kwa mwandiko, ulinionya.

Amesema ndiyo insha bora aliyosahihisha miaka yote, na kwa alama hizi chuo hakiwezi kuninyima. Alinisimamisha mbele nisome hitimisho, na wasichana walionicheka kwa habari ya kasa safari hii hawakucheka. Nimekunakilia nzima, ipo ndani ya bahasha hii. Maneno yako niliyaacha yalivyo, nilijaribu kuyageuza yakaharibika. Nimeongeza sentensi moja tu yangu mwishoni: “Kijana alifanya vyema kutomjua, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumjua.” Mwalimu aliipigia mstari akaandika pembeni, “Vizuri sana.”

Shangazi, nisamehe kwa yale niliyokuuliza. Naona aibu. Ila nikuambie ukweli, kwa kuwa tumeshayamaliza. Zile wiki nilizongoja jibu lako, nilianza kulizoea wazo lile. Nilikuwa nikilala nawaza, ukisema ndiyo, nitakuita nani mbele ya mama ili asiumie, na nitakuita nani tukiwa wawili. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokuambia, kwamba najua ulipita njia ndefu ya kisimani.

Halafu ikaja barua yako, nikasoma hoja moja baada ya nyingine, na nikaona wazi Agnes ni mtu wa namna gani. Mtu aliyefanya jambo kama lile asingeweza kulieleza hivyo. Nashukuru sana kwamba si wewe.

Mama ameniandikia ana furaha, anasema uliisimamia insha hii kuliko mzazi. Tutaonana Masig.

Akupendaye,
Kezia


Waiben,
10 Septemba 1988

Wifi Mareta,

Insha imepita. Kumi na tisa. Najua ameshakuandikia, lakini ulitaka niseme na mimi, basi nasema. Chuo atakwenda. Watangazie tena kanisani, safari hii hutakuwa umetangaza mapema.

Ameniletea nakala. Imeandikwa vizuri, wifi, siwezi kudanganya, nimefanya kazi na watoto wa watu miaka kumi na mitano na sijaona ya kuifikia. Sijaonyesha mtu. Nimeisoma mara moja nikaiweka katikati ya nguo, halafu nikaitoa, halafu nikairudisha. Hakuna hoja ndani yake ambayo sikumpa mimi, isipokuwa sentensi ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyonikalisha chini.

Wewe lala usingizi. Hatauliza tena. Amenishukuru kwamba si mimi, ndivyo alivyoandika, na kabla ya hapo akaniambia alikuwa ameshakubali. Alikuwa ananitafutia jina la kuniita, Mareta. Alikuwa hana hasira. Mara ya kwanza nilikupa mtoto asiyenijua, nikadhani hakuna kutoa kukubwa kuliko huko. Sasa nimekupa yule aliyekuwa ameanza kunijua, na nimelia mpaka Nazareth amekuja kugonga ukuta.

Sikulaumu. Uliomba, nami nilikuwa na la kutoa. Usinishukuru tukionana, wala usinipikie kitu maalumu, watu wataona.

Nitakuja kwa meli ya Jumanne, tarehe ishirini. Nitasimama na dada wengine wa marehemu upande wa kushoto, ndipo mahali pangu. Vitambaa vilivyobaki nitakuja navyo. Ombi langu ni moja, nawe usiniulize sababu. Usinilaze chumba kimoja na Kezia. Nitafutie godoro kwa akina Ezra, hata jikoni.

Wifi yako,
Dorcas